UZI: Masaaki Suzuki na Bach. Kondakta Mjapani anayetaka kwaya ilielewe neno kwanza, noti baadaye

Besi_wa_Nyuma (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu, asiye na bando wala uvumilivu apite tu kwa amani. Juzi kwenye uzi wa kwaya kuna mdau aliuliza hawa makondakta wa muziki wa kanisa wa zamani, wa enzi ya Baroque (miaka ya 1600 mpaka katikati ya 1700), wanabishana nini miaka yote hii wakati noti zimeshaandikwa, si waimbe tu. Swali zuri sana lile ila jibu halitoshi kwenye komenti.

Nitamtumia mtu mmoja, Masaaki Suzuki. Kazaliwa Kobe, Japani, 1954, kwenye familia ya Kikristo, na alikuwa anapiga kinanda kanisani tangu ana miaka 12. Akasoma Tokyo, halafu akaenda Amsterdam kusoma hapsikodi (kinanda cha zamani cha nyuzi) kwa Ton Koopman na ogani kwa Piet Kee. Akarudi kwao na 1990 akaanzisha Bach Collegium Japan, kwaya na okestra inayopiga kwa vyombo vya aina ile ya zamani. Halafu jamaa akaanza kitu ambacho watu wengi Ulaya walikiona kichekesho: kurekodi kantata zote za kanisa za Bach, yule mtunzi Mjerumani, yaani kazi zake za ibada za kwaya, solo na vyombo, zile karibu 200 zilizobaki, na kampuni ya BIS ya Sweden. Walianza Juni 1995 kwenye kanisa dogo la chuo cha Kobe Shoin, na kumbukeni Januari mwaka huohuo tetemeko lilikuwa limeupiga mji wa Kobe na kuua maelfu. Wakamaliza 2013. CD 55, miaka 18, kondakta yuleyule kanisa lilelile.

Sasa falsafa yake. Yeye mwenyewe kwenye CD ya kwanza kabisa alijiuliza lile swali ambalo kila mtu alikuwa nalo kichwani, Wajapani na Bach wapi na wapi, utamaduni tofauti, lugha tofauti, nchi ambayo Wakristo ni kama asilimia 1 tu. Na jibu lake halikuwa la kimuziki hata kidogo. Alisema Mungu ambaye Bach alimtumikia na Mungu anayemwabudu yeye leo ni mmoja. Basi. Umbali wa miaka na nchi kwake si kitu kikubwa kama watu wanavyofikiri.

Mtu akisikia hivyo anadhani atakutana na kondakta wa machozi na hisia, anafumba macho anapepea mikono. Sivyo kabisa. Huyu ni mtu wa neno. Kwaya yake inaimba Kijerumani ambacho wengi wao hawakukulia nacho, kwahiyo maandishi yanachambuliwa kipande kwa kipande, hili neno ni nini, uzito uko silabi ipi, hapa Bach kafanya nini chini yake na kwa nini. Ukiimba bila kujua unasema nini, kwake bado hujaimba.

Nitoe mfano mmoja nauchambua taratibu, maana bila mfano haya yanakuwa maneno ya kwenye kahawa. Kantata namba 4, ipo kwenye hiyo CD ya kwanza. Ni ya Pasaka, Bach aliiandika akiwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, maneno ni ya Luther mwenyewe ya 1524, beti saba, na Bach hakubadilisha hata ubeti mmoja. Ubeti wa tatu anaimba tenor. Vayolini zinakimbia tu bila kupumzika, tiririka tiririka, tenor anasimulia kwamba Mwana wa Mungu amekuja mahali petu, ameiondoa dhambi, ameinyang'anya mauti haki yake yote na nguvu zake. Anafika kwenye sentensi inayosema hakikubaki kitu, na kwenye neno hilo la "hakuna" kila kitu kinasimama. Vayolini kimya, besi kimya. Halafu polepole, kwa mwendo wa mazishi, anamalizia: ila umbo tupu la mauti. Na hapohapo vayolini zinaondoka tena mbio kana kwamba hakuna kilichotokea.

Sasa kondakta asiyejali maneno anapofika pale anaona tu alama ya kupunguza mwendo, anapunguza, inakuwa nzuri, watu wanapiga makofi. Anayejali maneno anajua pale ni mahubiri, mauti imebaki ganda, na ule ukimya ndo hoja yenyewe. Sikiliza tena anavyozuia kabla ya kuruhusu vile vyombo virudi. Ubeti wa tano besi anashushwa ghafla chini kabisa kwenye neno mauti, halafu muda si mrefu anapandishwa juu na kushikiliwa kwenye neno linalomtaja mnyongaji, mauti huyohuyo, kwamba sasa hawezi tena kutudhuru. Mie ni besi, najua ile noti ya chini inavyotafutwa kwa tochi, haha. Lakini haikuwekwa pale tuonyeshe kifua.

Naendelea chini, kuna mambo ya ibada ya Leipzig sijagusa.

Mtu_wa_Kiboriloni

Huyu Suzuki ndo wa pikipiki au wa ile mbinu ya kufundisha watoto vayolini

Besi_wa_Nyuma

Hahaha wala. Suzuki Japani ni kama Juma huku kwetu mkuu.

Naendelea. Watu wengi wanasikiliza kantata kama konsati, umekaa kwenye kiti laini na soda mkononi. Bach aliajiriwa Leipzig 1723, akakaa mpaka alipofariki 1750, na kazi yake ilikuwa Jumapili na sikukuu kuwe na muziki kwenye makanisa makuu ya mji, Mtakatifu Thomas na Mtakatifu Nikolai. Ibada inaanza saa 1 asubuhi inakwenda masaa matatu mpaka manne, mahubiri peke yake saa zima. Kantata inaimbwa baada ya Injili, kabla ya mahubiri, na ikiwa na sehemu mbili ya pili inakuja baadaye. Yaani watu wametoka kusikia somo, kantata inalichambua, halafu mchungaji anapanda mimbarani kulichambua tena. Na kulikuwa na vijitabu vya maneno vilivyochapwa, waumini wananunua wanafuatilia kwa macho. Hakuna aliyekuja pale kupata "vibe".

Kwahiyo Suzuki anaposema neno kwanza hajabuni kitu cha kwake. Anairudisha ile kazi kwenye kazi yake. Konsati zake Tokyo na Kobe watu wanakaa na karatasi ya tafsiri mkononi, na wengi wao hawajawahi kukanyaga kanisani.

Fundi_Ogani

Mleta uzi umeandika vizuri ila naona unataka kutuuzia kwamba imani ndo inafanya muziki uwe mzuri, mie hapo nakataa mapema. Makondakta Nikolaus Harnoncourt na Gustav Leonhardt walishaanza kurekodi kantata zote za Bach tangu 1971, wakati huyo Suzuki bado mwanafunzi, wakamaliza karibu miaka 20 baadaye, na waliongea mambo ya neno na usemi kabla yake. Harnoncourt alikuwa mpiga selo kwenye Vienna Symphony, kakaa pale kuanzia 1952 mpaka 1969, kachoshwa na Bach anayepigwa kama sosi nzito, kila noti ndefu, kila noti sawa. Hoja yake yote ilikuwa muziki wa zamani unaongea, hauchori. Una silabi nzito na nyepesi, una mkato, una swali na jibu. Hiyo ni elimu mkuu, ni balagha, ufundi wa kusema, watu wa karne ya 18 walifundishwa shuleni. Haihitaji kubatizwa.

Halafu ile herufi S.D.G. ambayo watu wa kanisa mnapenda kuitaja, kwamba Bach aliandika mwisho wa kazi zake Utukufu kwa Mungu peke yake, aliiandika hadi kwenye kazi zisizo za kanisa. Ilikuwa desturi ya mtu wa zama zake. Msiigeuze kuwa cheti.

Besi_wa_Nyuma

Fundi karibu sana, nilijua utakuja na nilijua utakuja na nyundo.

Harnoncourt nampa heshima yote. Bila yeye na Leonhardt hakuna Suzuki, na mwalimu wa Suzuki, Koopman, ni mwanafunzi wa Leonhardt, kwahiyo ni ukoo mmoja huo. Na hakuna mahali nimesema imani inafanya muziki uwe mzuri. Kwaya yake ni ya waimbaji wa kulipwa, kwenye nchi ya asilimia 1 hata akitaka hawezi kujaza jukwaa kwa waumini. Nilichosema ni kwamba imani yake inamlazimisha afanye kazi fulani kwa bidii zaidi. Kama unaamini yale maneno ni ya kweli, huwezi kumvumilia soprano anayeyaimba kama namba za simu. Mtu mwingine anaweza kufika palepale kwa elimu, sawa, njia ziko nyingi za kwenda Kariakoo.

Ila nikuongezee kitu kuhusu vyombo maana wewe ni fundi. Nyuzi za vayolini zao ni za utumbo wa kondoo, si chuma. Upinde wa zamani umebinuka kwa nje na ncha yake ni nyepesi, kwahiyo noti inazaliwa na nguvu halafu inakonda yenyewe kuelekea mwisho, kama silabi mdomoni. Upinde wa kisasa ulitengenezwa ili noti ibaki na nguvu ileile mwanzo mpaka mwisho. Ukipiga Bach kwa upinde wa kisasa inabidi upigane nao ili uongee, wa zamani unaongea bila kuombwa. Na wanatyuni karibu nusu toni chini ya kawaida ya leo, tenor anapata nafuu kooni, konsonanti zinatoka. Kwahiyo hata "vyombo vya zamani" si mapambo ya makumbusho, ni kwa ajili ya maneno kusikika. Hapo wewe na Suzuki na Harnoncourt mko bendi moja.

Njeri_Alto

Niko Nairobi na hii thread imenishika sana nimechelewa hata kupika. Sasa swali, sisi huku kila Krismasi lazima Messiah ya Handel, na kwaya ikiwa kubwa ndio watu wanafurahi, mnajumlisha makanisa manne mnapata watu mia mbili, Haleluya ikianza paa inataka kutoka. Huyo Suzuki angetuambia tunakosea? Kwa sababu nilisoma mahali eti kuna watu wanasema Bach iimbwe na mtu mmoja mmoja kila sauti, mimi hiyo siwezi kuelewa, kwaya ya watu wanne ni kwaya gani jameni.

Besi_wa_Nyuma

Dada Njeri karibu, chakula kisiungue.

Hao wa mtu mmoja mmoja wapo kweli. Joshua Rifkin, Mmarekani, alileta hiyo hoja 1981 na ikawa vita ya maprofesa mpaka leo haijaisha. Anaangalia karatasi za waimbaji zilizobaki, kawaida ni nakala moja kwa kila sauti, anasema basi aliyeimba ni mmoja. Wapinzani wake wanashika barua ya Bach mwenyewe kwa baraza la mji, Agosti 1730, analalamika watoto wa shule aliopewa wengi hawafai, na anasema kila kwaya iwe na angalau waimbaji 12, watatu kila sauti, na ikiwezekana wanne ndo bora zaidi. Rifkin naye anajibu kwamba hiyo ni orodha ya watu wa kuwa nao, maana wanaumwa wanapangwa kwingine, si lazima wote waimbe siku moja. Mnaona utamu wa ugomvi huu? Barua ni moja tu na kambi zote mbili zinaisoma.

Suzuki yuko kambi ya watu kadhaa kila sauti. Na anafanya kitu nakipenda sana, waimbaji wa solo hawakai mbele kwenye viti kama mabibi harusi, wanasimama ndani ya kwaya wanaimba na wenzao, zamu ya solo ikifika anasogea, akimaliza anarudi. Yule anayelia peke yake kwenye aria, wimbo wa solo, ni mmoja wa kusanyiko.

Kuhusu Messiah, iliimbwa mara ya kwanza Dublin, Aprili 1742, kwenye ukumbi wa muziki na si kanisani, kwa kuchangia wafungwa wa madeni na hospitali, na kwaya haikuwa kubwa. Ule mtindo wa majeshi ulikuja baadaye Uingereza, 1859 pale Crystal Palace walifika waimbaji zaidi ya 2,000. Ndo ule upepo uliofika mpaka huku kwetu pamoja na wamisionari na vitabu vya solfa. Sasa mia mbili wanakosea? Mie siwezi kusema wanakosea, ile raha ya paa kutaka kutoka naijua. Ila fanya jaribio, rekodi kwa simu ukiwa umekaa nyuma kabisa, halafu mpe mtu asiyejua wimbo aandike maneno anayosikia. Zile sehemu za sauti kukimbizana ndo utajua.

Mwalimu wa Kwaya Mstaafu

Nimefundisha kwaya za Kilutheri miaka mingi. Vijana niwaambie kitu, kwenye zile korali, zile nyimbo za kusanyiko ambazo Bach alizipanga sauti nne, kuna alama ya kushikilia juu ya noti ya mwisho wa kila mstari. Sisi tulifundishwa tushikilie, tukashikilia, kila mstari tunasimama kama basi kituoni. Wengine wanasema ile ni alama ya mwisho wa mstari tu, mahali pa kuvuta pumzi. Tatizo ni kwamba sentensi mara nyingi haiishi mwisho wa mstari. Ukisimama pale unaikata katikati, kiima huku kiarifu kule. Hapo ndipo utamjua kondakta anayesoma na asiyesoma.

Abuu_wa_Tanga

Asalaam alaykum wana jukwaa. Mie si mtu wa kanisa ila nimeusoma uzi wote maana hilo alilosema mzee hapo juu tunalijua vizuri sana. Chuoni mtoto akisoma Qur'ani akasimama pasipo mahali pake ustadh anamrudisha palepale, maana ukikata aya vibaya unaweza kusema kinyume cha ilivyoteremshwa. Kuna elimu nzima ya wapi usimame, wapi usisimame, na sauti nzuri haikusamehe. Kwahiyo huyo Mjapani mie nimemwelewa haraka kuliko nilivyotegemea.

Swali langu ni moja. Msikilizaji asiyeamini, kama mie kwa hiyo dini yenu, au huyo Mjapani wa Tokyo aliyetoka kazini, yeye kondakta anamtarajia apate nini? Maana kama ni mahubiri basi ni mahubiri.

Besi_wa_Nyuma

Waalaykum salaam Abuu, na Mwalimu shikamoo, ahsante sana, ile ya basi kituoni naiiba.

Abuu swali lako ndo kubwa kuliko yote humu. Nitajibu kwa Passio ya Mathayo ya Bach, yaani mateso ya Yesu yaliyotungiwa muziki, ile kubwa, iliyoimbwa mara ya kwanza Leipzig Ijumaa Kuu ya 1727. Suzuki ameirekodi mara mbili, 1999 na tena 2019, na kila mwaka karibu na Pasaka yeye na watu wake wanaimba Passio kule Japani.

Kuna pale mezani Yesu anasema mmoja wenu atanisaliti. Kwenye Biblia, Mathayo 26, wanafunzi wanaanza kuuliza mmoja mmoja, "Ni mimi, Bwana?" Bach anawapa kwaya, kwa haraka, sauti zinagongana, hofu tupu, na ukihesabu lile neno Bwana linatoka mara 11. Kumi na moja, si kumi na mbili. Yuda hajauliza, yeye atauliza baadaye peke yake. Halafu bila kupumua inaingia korali, wimbo wa kusanyiko ambao mtu yeyote wa Leipzig aliujua toka utotoni, na maneno yake yanajibu lile swali: ni mimi, mimi ndiye niliyestahili kuteswa. Yaani swali wameuliza mitume na jibu limetoka kwa watu walioko kwenye mabenchi.

Sasa kondakta ana chaguo pale. Akiacha nafasi kati ya swali na korali, watu wanakohoa, mtu anageuza ukurasa, kila kitu kimeharibika, inakuwa namba moja imeisha inaanza namba nyingine. Suzuki anaingia moja kwa moja. Na korali haiimbwi kwa kutishia, inaimbwa kwa sauti ya chini kiasi, kama mtu anayekiri. Kwahiyo msikilizaji wa Tokyo si lazima akubaliane na mafundisho ya wokovu ndo aelewe kilichotokea. Ameulizwa swali. Nani alimtupa mwenzake? Hilo kila mtu ana lake la kujibu, Mwislamu, Mbudha, asiye na dini. Nadhani ndo anachotarajia Suzuki, watu wasikie wanaulizwa. Zaidi ya hapo si kazi ya kondakta.

Halafu kitu kingine, humohumo. Kila Yesu anapoongea kwenye hiyo Passio, nyuzi zinamzunguka, vayolini zinashikilia sauti ndefu nyororo juu yake, wengine wote wanaosimulia wanasindikizwa na besi na kinanda tu. Unamtambua bila kutajiwa. Mpaka pale msalabani anapolia "Eli, Eli", mbona umeniacha. Pale nyuzi zinaondoka. Anabaki na kinanda kama mtu mwingine yeyote. Bach hakuandika maelezo, aliziondoa tu. Kondakta anayepamba pale, anayeongeza mwendo wa huzuni na kuvuta noti, ameshaharibu, maana kazi imeshafanywa na kile kilichokosekana.

Leipziger_wa_Mbeya

Nimekaa Ujerumani muda sasa, naimba kwaya ya parokia hapa, nimewasoma kimyakimya. Nataka niweke chumvi kidogo kwenye hii sifa.

Suzuki ni fundi lakini mie wakati mwingine rekodi zake naziona safi mno. Kila kitu kimepigwa pasi. Lile kanisa la Kobe lina mwangwi mzuri, waimbaji hawatetereki, unasikiliza kantata tatu mfululizo unaanza kuhisi uko hotelini. Bach alikuwa na watoto wa shule na vijana wa chuo, wengine wana mafua, wamefanya mazoezi kidogo sana, Jumapili ndo hii imefika. Zile rekodi za kina Harnoncourt na Leonhardt walitumia watoto wa kiume kwenye soprano, kuna mahali mtoto anatetemeka pumzi inaisha, tarumbeta inakwaruza, ila unasikia hatari. Suzuki anatumia wanawake na wanaume wanaoimba alto, wenye ustadi wa kiwango cha juu kabisa. Unapata maneno yote, lakini unakosa ule wasiwasi kwamba inaweza kuanguka. Na kwa kantata inayoongelea mtu anayezama na kumlilia Mungu, wasiwasi ni sehemu ya neno pia, si ndo hoja yenu hiyo?

Halafu John Eliot Gardiner mmemsahau. Mwaka 2000 alizunguka na kwaya yake makanisa ya Ulaya na kwingineko akiimba kantata zote zilizobaki, kila moja kwenye sikukuu yake ya kalenda, wakarekodi palepale mbele ya watu. Kuna makosa, kuna haraka, ila moto upo.

Fundi_Ogani

Leipziger nakupa tano. "Kila kitu kimepigwa pasi" nilikuwa nautafuta msemo huo tangu juzi.

Besi_wa_Nyuma

Dada au kaka Leipziger hilo la usafi nakubaliana nusu. Volyumu za mwanzo kweli kuna mahali zimetulia mno. Lakini msikilize Passio ya Yohana aliyorekodi Köln, Ujerumani, Machi 2020. Walikuwa kwenye ziara ya Ulaya, corona ikafunga kumbi moja baada ya nyingine, konsati zikafutwa, wakaipiga kwenye ukumbi mtupu inarushwa mtandaoni, na wakairekodi palepale kabla ya kurudi kwao. Ule mwanzo, vyombo vya nyuzi vinazunguka chini kama maji yanayochemka, besi inagonga noti ileile, obo mbili (aina ya zumari) juu zinasuguana zinaumizana, halafu kwaya inapiga kelele "Bwana" mara tatu. Maneno yanaomba Kristo aonyeshe kwamba ametukuzwa hata kwenye unyonge wa mwisho kabisa. Hapo hakuna pasi mkuu. Pale watu hawajui kama watapata ndege ya kurudi.

Ila sikubali kwamba kutetereka kwa mtoto ni neno. Ni ajali. Inaweza kugusa, sawa, lakini kondakta hawezi kuipanga, na asichoweza kukipanga hawezi kukiita falsafa yake. Bach mwenyewe kwenye ile barua ya 1730 hakusifia watoto wanaotetereka, aliomba wapewe walioiva na walipwe.

Na Fundi kuhusu S.D.G. kuwa desturi, nikupe kitu kigumu zaidi. Bach alikuwa na Biblia yenye maelezo ya Calov, mwanateolojia wa Kilutheri, ipo mpaka leo Marekani, St. Louis, na pembeni ameandika kwa mkono wake. Kwenye 2 Nyakati 5, pale waimbaji na wapiga tarumbeta wanaposikika kama sauti moja na nyumba ya Bwana inajaa wingu, ameandika kwamba kwenye muziki wa ibada Mungu yupo siku zote kwa neema yake. Hiyo hakuandika ili mtu aione, ni kitabu cha nyumbani kwake. Huwezi kuiita mhuri wa desturi.

Fundi_Ogani

Hiyo nakubali ni ushahidi. Ila inanisaidia mimi pia. Kasome hiyo aya, wingu linakuja wakati waimbaji na wapiga tarumbeta wako PAMOJA, kama mmoja. Tyuni kwanza mkuu, wingu baadaye.

Besi_wa_Nyuma

Hahahaha nimekosa la kusema. Suzuki mwenyewe angekupigia makofi, ni mtu wa hapsikodi huyo, kutyuni ndo sala yake ya asubuhi.

Njeri_Alto

Sasa wakubwa, mimi sina vyombo vya utumbo wa kondoo wala kanisa la Kobe. Niko na kinanda cha Yamaha, sopranos kumi na wawili wakija ni saba, tenors wawili na mmoja ni uncle yangu. Nachukua nini hapa?

Mwalimu wa Kwaya Mstaafu

Mwanangu anza bila noti. Wasomeshe maneno kwa mdundo wa wimbo, wasiimbe, waseme tu, wote pamoja, mpaka mtu aliyesimama mlangoni aelewe. Utashangaa kumbe nusu ya kwaya walikuwa wanasema kitu tofauti. Halafu uliza kila mtu neno zito la sentensi ni lipi. Watabishana, waache wabishane dakika mbili. Wakikubaliana ndipo uwape noti, na noti nyingine zote wazipunguze kidogo ili lile moja lisikike. Na mjomba wako mweke katikati ya tenor na besi asimame karibu na kinanda, usimweke pembeni.

Besi_wa_Nyuma

Ongeza hapo, usianze na Haleluya. Chukua korali moja ya sauti nne, kitabu cha nyimbo cha Kilutheri cha Mwimbieni Bwana kimejaa tuni za zamani za Kijerumani, na ile tuni ya wimbo wa kichwa cha Yesu kilichojeruhiwa ambayo Bach kaitumia mara kadhaa ndani ya Passio ya Mathayo inaimbika hata na watu saba. Kwenye Passio inarudi tuni ileile, ila kila inaporudi maneno ni mengine na mara nyingi sauti za chini zimebadilika, na ile inayokuja baada ya kifo ndo yenye uchungu kuliko zote, kwa sababu ya zile sauti za chini. Mpe uncle hizo sauti za chini.

Wanaouliza waanzie wapi kusikiliza, kantata namba 4 kwanza, ni kama dakika 20 tu. Halafu Passio ya Yohana ya 2020. Mathayo ya 2019 inataka karibu masaa matatu, itafute siku ya mapumziko na uwe na maneno mbele yako.

Abuu_wa_Tanga

Nimesikiliza ile ya ubeti wa tatu na simu, spika mbovu, ukimya wenyewe nimeudhani mtandao umekata. Nimerudisha nyuma mara ya pili ndo nikaelewa.

Leipziger_wa_Mbeya

Abuu hapo umemkuta Bach kamili. Sasa sikiliza ya Gardiner ya kantata hiyohiyo uje utuambie nani kanyamaza vizuri zaidi.

Fundi_Ogani

Na ya Harnoncourt. Msimkimbie mzee.